Sahani Ndani ya Tangi la Papa Edouard

Mtu akikataa chakula chako mara ya kwanza, unasema ameshiba. Akikataa mara ya pili, unaonja chumvi. Akikataa mara ya tatu, unaanza kujiangalia wewe mwenyewe. Hapo ndipo Benita alipokuwa amefika Ijumaa ile mchana, amesimama kwenye mlango wa sebule yao ya Kamalondo, sahani ya bukari, ugali wa kwao, na sombe ya majani ya muhogo mkononi, mvuke ukimpanda usoni.

"Aksanti, Benita," Musonda alisema. "Sina njaa."

Mikono yake ilikuwa imezama mpaka viwikoni ndani ya tangi la samaki.

"Hauna njaa? Tangu saa moja ya asubui uko unabeba maji."

"Nitakulya ku Ruashi."

"Ku Ruashi! Bukari ya Ruashi njo iko na asali?"

Musonda alitabasamu kidogo, lakini hakugeuka. Karibu na dirisha alikaa Mama Ntumba, mama yake Benita, anachagua maharagwe kwenye ungo. Macho yake yalitoka kwenye sahani yakaenda kwa mwanaume, yakarudi kwenye sahani, yakashuka kwenye maharagwe.

Musonda akanyanyua ndoo. Kabla hajaiweka chini alifuta vidole kwenye shati, akaokota pembe ya kitambaa cheupe kilichoning'inia kwenye cherehani ya Benita, akaikunja juu ya meza ili isirukiwe na maji. Ilikuwa gauni ya bibi harusi wa watu. Ndivyo alivyokuwa huyu mtu. Atahurumia kitambaa chako, kisha ataacha chakula chako kipoe.

Tangi lilikuwa la marehemu Papa Edouard, baba yake Benita, aliyefanya kazi ya reli maisha yake yote na kufuga samaki miaka kumi na tisa ya mwisho. Lilikuwa na urefu wa mita moja na nusu, nalo lilikaa pale ambapo nyumba nyingine huweka televisheni. Ndani hamkuwa na ua la plastiki hata moja. Majani marefu kama utepe yalipanda mpaka juu ya maji, yakalala. Mengine, mapana na ya kijani kizito, yalikumbatia gogo lililozama. Samaki wadogo arobaini walipita humo, na chini ya gogo aliishi kambale mzee mwenye madoa. Papa Edouard alimwita Chef de Gare, mkuu wa stesheni, kwa sababu hakuna aliyepita bila yeye kutoka kumwangalia.

Yale majani marefu aliyaleta Musonda. Kwao ni Kasomeno, upande wa Luapula, kwenye barabara ya Kasenga. Yeye anakata vioo Ruashi, na kila alipokwenda kusalimia nyumbani alirudi na chupa ya majani kutoka mtoni, kwa ajili ya mzee. Miaka mitatu walikaa hivyo wawili mbele ya tangi, wakisema maneno machache. Wakati ule Musonda alikula kila alichopewa, na sahani yake ilirudi jikoni kama imeshaoshwa.

Halafu Papa Edouard akafariki. Siku za kilio nyumba ilijaa watu na viti vya kukodi, na hakuna aliyekumbuka samaki. Siku ya nne Benita alitoka chumbani macho yamevimba, akamkuta Musonda amepiga magoti mbele ya tangi, anabadilisha maji kikombe kwa kikombe, bila kelele, asiwasumbue waliokuwa wanalia. Hakuna aliyemtuma. Alikuja hivyo kila siku mpaka matanga yakaisha. Tangu hapo Benita alijua moyo wake umeelekea wapi. Na tangu hapo, ukikumbuka vizuri, Musonda alipita kusalimia lakini hakula tena katika nyumba ile.

Sasa ilikuwa miezi minane, na Jumapili wageni wangekuja.

Wageni hao aliwatafuta Tantine Delphine, dada yake Papa Edouard, mwanamke asiyependa kuona msichana wa miaka thelathini na moja anashonea wengine gauni za harusi. Alimpata Aimé, mfamasia, Mukasai kama wao, anayekaa Mbuji-Mayi. Benita hakuwa na neno baya juu ya Aimé. Katika simu alikuwa mpole, kila jioni alimuuliza kama amekula. Jumapili angekuja na baba yake na wajomba wawili, na Benita angeulizwa mbele ya wote kama anakubali. Alihitaji neno moja tu kutoka kwa Musonda, hata nusu ya neno, ili ajue la kujibu. Na Musonda alikuwa amekuja tangu Jumatano, hajasema kitu isipokuwa habari za udongo.

Mama Ntumba ndiye aliyemwita. Alitaka sebule ipendeze mbele ya wageni, na tangi lilikuwa limechoka. Kioo kilikuwa kijani, majani ya katikati yalikuwa manjano, na ndani ya mwezi mmoja samaki watano walikufa.

"Toa yote," alimwambia Musonda siku ile ya Jumatano. "Weka mawe ya bleu, maua ya plastique na kanyumba. Nilionaka ku Golf, kwa mama moja tajiri. Iko inaangaza mpaka inje!"

"Mama, hapana!" Benita alisimama kwenye cherehani. "Papa alipanga vile. Ibakie vile vile alivyoiacha."

Musonda alivua viatu mlangoni, akachuchumaa, akaangalia muda mrefu.

"Ba Mama, nikitoa yote leo, samaki yote inakufa kesho. Ile maji ya zamani njo inabachunga." Kisha akamgeukia Benita. "Na weye, tukiiacha vile vile, itakufa polepole. Angalia mizizi. Imekamata udongo wote, hewa haipite tena. Papa yako mwenyewe aliniambia mwaka jana: Musonda, hii tangi inaomba mikono."

"Alisema vile?"

"Alisema vile. Njo akagonjwa."

Benita alikaa tena kwenye cherehani. Alidhani kulichunga tangi ni kutoligusa.

Basi Musonda alifanya kazi kwa namna ambayo mkata vioo tu angeifikiria. Alikata kioo kirefu sawasawa na upana wa tangi, akakishusha katikati polepole, tangi likawa vyumba viwili. Samaki wote aliwasukumia upande wa kulia, na upande wa kushoto akauchimba. Ulipotoboka ule udongo mweusi, mapovu yalipanda na harufu ya yai bovu ikajaa nyumba nzima.

"Bageni yangu!" Mama Ntumba alipiga kelele akifungua madirisha. "Batasema tunafuga choo!"

Nusu ya udongo wa zamani Musonda aliitupa, nusu akaiosha kwa maji ya tangi lenyewe na kuichanganya na mchanga mpya. Sifongo ya mashine ya kusafishia maji hakuiosha kabisa. Aliikamua kidogo tu, akairudisha chafu vile vile. "Uchafu hii njo kazi ya miaka kumi na tisa," alisema. "Ukiiosha, umefuta kazi ya muzee." Upande wa kulia ungengoja Jumamosi, samaki wakishahamishiwa na kuzoea nyumba yao mpya ya kushoto.

Ijumaa ile, baada ya sahani ya tatu kukataliwa, Benita alimfuata uani, kwenye bomba.

"Kesho kutwa bageni banakuya. Unajua?"

"Minajua."

"Unajua banakuya juu ya nini?"

"Minajua."

"Na hauna neno?"

Musonda alifunga bomba.

"Neno iko. Lakini si mie mwenye kuisema."

"Ni nani basi? Chef de Gare?"

Alitaka kucheka, akajizuia. Aliuangalia uso wa Benita, akaangalia chini kwenye ndoo. "Ngoya kidogo, Benita."

"Nilisha kungoya miezi munane! Mie si majani, Musonda, ya kukaa mu maji nangoya mutu anipande." Aliisukuma ndoo kwa mguu. "Mbele ulikuwa unakulya hapa. Papa akafa, chakula yetu ikakuwa mubaya. Mwanaume akikataa sahani ya mwanamuke, pa Kamalondo tunajua maana yake."

"Kwetu pia iko na maana," Musonda alisema taratibu.

Benita hakuuliza maana gani. Alikuwa na hasira, na mtu mwenye hasira hasikii mlango ukifunguliwa. Aliichukua ile sahani, akampelekea mama jirani aliyekuwa na wajukuu watano, akaenda kushona mpaka shingo ikamuuma.

Jumamosi asubuhi alimkuta mama yake jikoni, anatwanga sombe.

"Mama, kama sina moyo ya Aimé?"

Mchi ulisimama hewani. "Uko na moyo ya nani?"

Benita alitazama mlango wa sebule. Sebuleni ndoo ilisikika ikiwekwa chini.

"Ule wa Kasomeno?" Mama Ntumba alishusha sauti. "Benita, mutoto yangu. Simuchukii. Nilimuona wakati ya kilio, sitasahau. Lakini fikiri. Kwetu batoto ni ba upande ya baba. Kwabo ku Luapula batoto ni ba upande ya mama. Sasa mukizala, shiye tutasema: hao ni ba kwabo. Bao batasema: hapana, ni ba kwenu. Batoto gani hawa, habana mwenyewe?"

"Mama!"

"Unacheka? Mie sicheki. Na zaidi, anatuzarau. Siku nne hapa, hata maji ya kunywa hagusi nikiwa naye. Mukwe wa kuzarau bukari yangu, mie sitaki." Akaendelea kutwanga, safari hii kwa nguvu zaidi.

Karibu saa sita Musonda alifika kwenye pembe ya kulia, nyuma kabisa, penye mmea mkubwa kuliko yote. Ndio uliokuwa wa kwanza, Papa Edouard aliupanda siku alipojaza maji kwa mara ya kwanza. Mizizi yake haikukubali. Musonda aliingiza mikono chini yake na kuubeba wote kama mtu anavyonyanyua mtoto aliyelala, na ulipotoka majini, kitu cheupe kilikuwa chini yake, kimefungwa na mizizi pande zote.

"Iko nini?" Benita alisogea.

"Sahani," Musonda alisema. "Muzee aliupanda mu sahani."

Ilikuwa sahani ya bati, ya zamani, nyeupe, yenye ukingo wa bluu na ua jekundu lililofifia. Kutu ilikuwa imekula sehemu moja ya ukingo.

Ungo wa Mama Ntumba, aliyekuwa amerudi kukaa dirishani, ulianguka. Maharagwe yalikimbia mpaka chini ya viti.

"Leta hapa!"

Aliishika kwa mikono yote miwili, matone yakimlowesha kitenge, akafuta lile ua kwa kidole gumba.

"Hii sahani ni ya mama yangu. Nilimwambia Delphine aliiba! Miaka kumi na tisa! Kila Noeli nikimuona, roho inaniambia: mwizi ya sahani." Alicheka, na machozi yakatoka pamoja na kicheko. "Edouard! Na alikuwa nanisikia, ananyamaza, analisha samaki yake!"

"Aliiweka humu juu ya nini?" Benita aliuliza.

"Juu hii njo sahani alikulya mara ya kwanza kwa mama yangu." Mama Ntumba alikaa vizuri, sahani na mmea wake juu ya magoti. "Wakati alianza kunitaka, miezi sita hakulya mbele ya mama. Anakuya, anasalimia, anapanda juu ya nyumba anatengeneza mabati. Chakula inakuya, anasema sina njaa. Mama yangu alizaliwa hapa mu mji, hakujua bile bintu ya Kasai. Analia, anasema huyu kijana eko na kiburi, anazarau bukari yangu. Mpaka nkambo, mama yake, akamucheka: weye mujinga, mwanaume anakataa kulya mbele yako juu anataka kukuita mama mukwe. Ni heshima. Mpaka siku weye mwenyewe utamupa chakula yake, afunguliwe kinywa. Na mie nilikuwa..."

Akainua macho, akamwangalia Musonda.

Mashine ya maji ilikuwa inanguruma taratibu. Musonda alikuwa amesimama na mikono inayodondoka udongo mweusi, uso ameuelekeza ukutani, shingo yake imeinama.

"Musonda," Mama Ntumba alisema. Sauti haikuwa tena ile ya kusimulia. "Kwenu ku Luapula. Mwanaume akisha kuangalia binti ya mutu kwa nia. Anakulyaka mbele ya mama yake?"

"Hapana, ba Mama," Musonda aliuambia ukuta.

"Na anasema yeye mwenyewe?"

"Hapana. Anatuma mujomba."

Benita alishika kiti. Alikumbuka sahani tatu, moja baada ya nyingine, na zile za miezi minane kabla yake. Alikumbuka bombani: kwetu pia iko na maana. Kumbe kila siku alikuwa anaambiwa, na kila siku alikwenda jikoni kuonja chumvi.

Mama Ntumba alimwangalia binti yake kwa muda. Kisha akasimama, akampa Benita ile sahani ya bati na mmea wake.

"Irudisheni mu maji. Edouard alijua kwa nini aliiweka pale."

"Tuiweke nyuma, vile ilikuwa?" Musonda aliuliza. Alimuuliza Benita, bila kugeuka bado.

Benita aliuangalia upande wa kushoto uliokwisha kupangwa, mchanga mweupe, gogo limehamia katikati, maji yameanza kuwa safi. Jumatano angesema ndiyo, nyuma, vile vile.

"Hapana," alisema. "Iweke mbele. Papa aliificha juu aliona haya. Shiye tuionyeshe."

Waliiweka pamoja, mikono minne ndani ya maji. Vidole vyao vilikutana chini ya sahani, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kuvitoa.

"Majani yake yataanguka," Musonda alisema kwa sauti ya chini. "Wiki mbili, tatu. Utafikiri imekufa. Usiitupe. Mizizi iko."

"Sitaitupa."

Akakivuta kile kioo cha katikati, taratibu. Samaki waliogopa kwanza, halafu mmoja akavuka, wakafuata wengine. Wa mwisho alikuwa Chef de Gare. Alizunguka ile sahani mara mbili, akatulia kando yake kama aliyeipokea.

Jikoni Mama Ntumba alikuwa na simu sikioni. "Delphine? ... Ndiyo, nimepata sahani ya mama. ... Hapana, hauko mwizi, ni ndugu yako. ... Ninaomba masamaha, Delphine, ya kweli. ... Sasa ngoya, iko neno ingine. Benita anasema hapana. ... Juu ya Aimé, ndiyo. Umupigie leo, mutoto wa bantu asipande ndege bure. ... Ukuye kesho weye peke yako. Ukuye ulye." Akaondoa simu sikioni mpaka kelele za Delphine zikapungua, akairudisha. "Umemaliza? Bon. Kesho, basi."

Alichukua sahani mpya kabatini, ile ya wageni. Akaweka bukari, akailainisha kwa mwiko uliolowa mpaka ikawa duara, akaweka sombe na kipande cha samaki wa kuchoma, akafunika na sahani nyingine, akafunga kwa kitambaa safi.

"Mupelekee," alimwambia Benita. "Inje, nyuma ya nyumba, pale kwenye kivuli ya ukuta. Mie nakaa hapa ndani, sitoke. Na mulango ufunge, nisimuone anapotafuna."

Musonda alikuwa bombani, ananawa udongo. Alipoiona sahani iliyofunikwa, alisimama wima, maji yanamtiririka mikononi. Alielewa kabla Benita hajafungua kinywa. Alikaa juu ya tofali, mgongo kwa nyumba, akapokea kwa mikono miwili.

Benita alikaa kwenye tofali la pili.

"Mujomba yako iko wapi?"

"Mujomba Mukuka? Anapanda gari kesho asubui ku Kasomeno. Anafika misa ikiisha."

"Kesho? Siku moja na Aimé?"

"Nilimwambia asichelewe," Musonda alisema, akamega bukari. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi minane anamwangalia usoni bila kushusha macho. "Wiki mbili ninamupigia simu. Alikuwa na mavuno."

"Na kama angechelewa?"

"Ningebeba ule muzee mugongoni."

Benita alicheka mpaka akafunika mdomo. Kisha akakumbuka. "Mama anasema batoto habatakuwa na mwenyewe. Shiye tutasema ni ba kwenu, na bao batasema ni ba kwetu."

Musonda alitafuna, akafikiri kama alivyofikiri juu ya udongo. "Kama kila mutu anabaacha kwa mwenziye," alisema, "basi tutabachukua shiye."

Alikula kama mtu aliyetoka safari ndefu, bila haraka lakini bila kupumzika, na Benita alikaa kando yake akiangalia mikono yake, ile iliyobadilisha maji kikombe kwa kikombe siku za kilio. Sombe ilikwisha. Samaki akabaki mifupa. Mwisho alipangusa sahani kwa kidole, kama zamani.

Benita aliirudisha jikoni. Mama Ntumba aliifunua, akaiangalia upande huu na upande ule, akaielekeza kwenye dirisha apate mwanga zaidi. Hapakuwa na kitu.

Akachukua mwiko, akaijaza tena.